Majina Matatu na Nukta

Kwetu mke hataji jina la baba mkwe wake. Najua siku hizi wako wanaolitaja, tena mbele ya watu, na hakuna lililowapata. Mimi sikulelewa hivyo. Niliolewa kutoka upande wa Katangi nikaletwa kwa watu wa Kola, na siku ya kwanza mama mkwe wangu, ambaye sasa ni marehemu, aliniita jikoni, akanionyesha chumvi inakaa wapi, kisha akanikumbusha habari ya nthoni, ile heshima ya ukweni ambayo Mkamba hana haja ya kuelezwa. Jina la mzee hulitoi mdomoni, hata kama ni la mtu mwingine kabisa. Kuna duka karibu na kwetu ambalo mwenyewe ana jina la ubatizo kama la mzee, na mpaka leo nikimtuma mtu huko namwambia aende lile duka la mlango wa kijani. Mwanangu wa kwanza amepewa jina la babu yake kama inavyotakiwa. Mimi niliyemzaa namwita Kababa.

Nayasema haya mapema kwa sababu bila hayo mambo ya laptop hayataeleweka.

Laptop tuliinunua mjini Machakos baada ya mgongo wangu kukataa cherehani. Nilikuwa nimeshona miaka mingi katika kiwanda cha nguo kule EPZ, eneo la viwanda la Athi River, na sehemu yangu ilikuwa mifuko ya suruali. Mifuko tu. Suruali nzima sikuwahi kuishona hata moja. Kumbe mgongo nao huchoka kwa kitu kidogo kinachorudiwa, na daktari akaniambia nikiendelea nitakuja kuinuliwa kitandani na watu. Dada mmoja wa kanisani akanielekeza kwa kazi ya kusikiliza sauti zilizorekodiwa, mikutano na mahojiano, na kuzipiga chapa neno kwa neno ukiwa nyumbani kwako. Unasimama ukitaka, unajinyoosha ukitaka. Kampuni ilinikubali kwa majaribio kwanza. Ukimaliza majaribio bila kuchelewesha kazi hata mara moja, unapewa mkataba. Ukichelewesha, mnaagana kwa amani. Na mimi nikiagana nao, nilijua narudi wapi: pale getini asubuhi na mapema, na akina mama wengine, tukisubiri mtu atoke aseme leo anahitaji wangapi.

Sharti lao kubwa lilikuwa usalama wa mashine. Hizo sauti ni za watu na shida zao: mgonjwa anaeleza maradhi yake, mfanyakazi anamshtaki mkubwa wake. Kwa hivyo walitaka laptop iwe na programu ya ulinzi inayofanya kazi, iwe inasasishwa, na niwe na akaunti yangu pekee ambayo hakuna mwingine anaifungua. Kazi yao isiguse simu, wala flashi, wala kuhifadhiwa mahali pengine popote mtandaoni. Walisema wataniita kwa video niwaonyeshe kila kitu. Mume wangu alicheka. Yeye anafanya kazi hukohuko EPZ, kiwanda kingine, na kwake vairasi ni kitu ambacho rafiki yako anakutolea kwa flashi na mnasahau.

"Si ni kuandika tu?" akasema. "Ama wamekupa kazi ya benki kuu?"

Yule aliyetuuzia laptop naye alikuwa na dawa yake. Alipomaliza kutuonyesha mashine inavyowaka, akaniambia kwa sauti ya chini ananiwekea antivairasi nzuri sana, ile ya kulipiwa, lakini yangu itakuwa ya bure.

"Ya bure namna gani?" nikamuuliza.

"Nimeifungua, madam. Kuna ka-programu kanavunja ile kufuli yake."

"Kwa hivyo askari wangu wa mlangoni ameibiwa mahali?"

"Madam, uko na maneno!" akasema, akicheka. "Watu wote wanaweka hii."

"Basi waweke. Mimi niachie mashine vile ilitoka kiwandani."

Hakupendezwa, na mume wangu alinikanyaga mguu kidogo chini ya meza, lakini tuliondoka na mashine safi. Nyumbani nilianza kusoma. Sikuwa najua lolote, na hilo lilinisaidia, kwa sababu sikuwa na mazoea ya kuacha. Nilijaribu programu moja ya kulipiwa katika ule muda wao wa bure. Ilikuwa inafanya kazi, sikatai, lakini ilinisumbua kama mgeni anayetaka chai kila saa: nunua hiki, ongeza kile, simu yako nayo iko hatarini. Mashine ikawa nzito. Halafu nikasoma kwamba ukiweka walinzi wawili wanaanza kushikana wao kwa wao. Nikaiondoa. Nikabaki na ulinzi uliokuja ndani ya mashine yenyewe, nikahakikisha umewashwa, na kila mashine ilipoomba kujisasisha niliiacha ijisasishe, hata kama nilikuwa na haraka zangu. Nikaondoa pia michezo na vitu vingine vilivyokuja humo bila kuitwa. Picha zetu za familia nilizinakili kwenye diski ya pembeni nikaifungia kabatini. Mtu wa kampuni alipopiga video na kuangalia, alisema iko vizuri, na nikajisikia kama niliyepasi mtihani.

Kilichobaki kilikuwa baba mkwe wangu.

Alihamia kwetu mama mkwe alipofariki. Alikuwa msimamizi wa ghala enzi zake, na tabia ya ghala haikumtoka: anapenda kujua kitu kiko wapi, nani amekigusa, na kwa nini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hajawahi kuniambia neno jema tangu niolewe. Akila akamaliza, anasukuma sahani. Nilipoanza kukaa na vile vidude masikioni, akapata la kusema.

"Leo umeshinda ukisikiliza watu wa nani?"

"Ni kazi, Baba."

"Kazi." Analisema hilo neno hivi, kisha anatazama nje. "Na chakula kinasikilizwa pia?"

Laptop yenyewe aliipenda, lakini. Mimi nikitoka kidogo, namkuta hapo amevaa miwani, anasoma matangazo ya vifo, anatazama mahubiri, anatazama mtu akiimba Kikamba na gitaa. Siku moja nilikuwa nyuma ya nyumba naanika nguo nikamsikia akizungumza Kiingereza cha ghala. Nikaingia mbio. Kwenye kioo kulikuwa na onyo jekundu linalowakawaka, limeandikwa kwamba kompyuta yako imejaa vairasi, piga simu namba hii sasa hivi. Naye alikuwa amepiga. Mtu upande wa pili alikuwa anamwita "sir" kila baada ya neno moja, akimweleza taratibu kitu cha kubonyeza, na mzee alikuwa ameketi wima, amefurahi ajabu.

Nilizima mashine. Niliomba simu, kwa adabu, nikaikata. Nilikuwa nimekasirika, lakini baba mkwe humfokei. Kwa hivyo nikaingia jikoni nikaisema sufuria. Niliiuliza ile sufuria, kwa sauti inayofika sebuleni, kama ingependa kunirudisha EPZ. Niliiuliza kama inajua kuna wezi duniani. Kisha nikarudi, nikakagua mashine yote, na kwa bahati hakuna kilichokuwa kimeingia.

Kesho yake niliketi naye vizuri. Nikamwambia, "Baba, onyo la kweli halikupi namba ya simu. Na mtu yeyote akikupigia akitaka ufanye kitu kwa hii kompyuta, huyo ni mwizi. Akisema ni wa kampuni, ni mwizi. Hata akisema ni mimi. Unakata."

"Hata akisema ni wewe?"

"Hata akisema ni mimi. Siku hizi wanaiga mpaka sauti."

Alitikisa kichwa polepole. Hiyo aliielewa mara moja, kwa sababu ilikuwa sheria, naye ni mtu wa sheria. Wiki hiyo niliwasikia majirani wakielezwa habari ya wezi wa kuiga sauti kana kwamba yeye ndiye aliyewagundua.

Nikamfungulia akaunti yake, isiyoweza kuingiza programu yoyote, na picha yake juu ili asipotee. Yangu nikaiwekea neno la siri. Maagizo ya kampuni yalisema liwe refu, lisiwe jina la mtoto wala tarehe ya kuzaliwa, lisiwe neno ambalo watu wako wanakusikia ukilisema. Nilikaa hapo nikifikiri. Majina ya watoto anayajua. Kijiji changu anakijua. Mstari wangu wa Biblia anaujua, nimeusoma kanisani mara nyingi. Nikajiuliza ni neno gani ambalo mtu wa nyumba hii, hata akikisia mwaka mzima, hatawaza kwamba limetoka kwangu.

Nikayapiga majina ya mzee. La ubatizo, lake mwenyewe, na la baba yake, yote matatu yameshikana, na mwishoni nikaweka nukta kwa sababu mashine ilitaka alama. Ikaniandikia kwa rangi ya kijani kwamba neno hilo ni imara. Nilicheka peke yangu kwa muda.

Mtaalamu angenigombeza. Angesema jina la mtu wa nyumbani ni neno dhaifu, na ni kweli. Lakini mtaalamu haishi na sisi. Mwenyewe nilijiambia kwamba nthoni ni ya mdomo, vidole havikukatazwa na mtu. Na acha niseme ukweli: niliona raha. Kila asubuhi mzee ameketi nyuma yangu na kikombe chake, ameshaniuliza kama leo nitapika ama nitasikiliza tu, nami nageukia mashine nalipiga jina lake herufi kwa herufi, kwa nguvu, na kwenye kioo vinatokea vidoa vyeusi tu. Hakuna siku nilimjibu vibaya katika miezi hiyo. Mume wangu hata aliniambia nimekuwa mpole. Yeye hakuijua paswadi, maana kampuni ilisema hata mume asijue, na mimi nilikuwa nafuata kila neno lao.

Majaribio yakaenda vizuri mpaka kazi ya mwisho. Ilikuwa Jumamosi, msimu wa mvua za mwaka kufunga, na kazi ilitakiwa iwe imefika kwao kabla ya jioni. Niliimaliza asubuhi. Nilikuwa nimeihifadhi, imebaki kubonyezwa tu iende, mtandao ukapotea. Mvua ya usiku ilikuwa imeangusha kitu mahali. Nikasema sawa, utarudi. Kabla haujarudi, ndugu yangu akapiga simu kutoka Katangi: mama yetu ameteleza kwa matope nje ya jikoni, hawezi kukanyaga.

Mama ni mama. Niliangalia saa nikaona naweza kwenda nimwone na nirudi mchana kungali kweupe. Niliiacha mashine mezani, nimeifunga kama inavyotakiwa. Mama nilimkuta amevimba kifundo cha mguu lakini mdomo ni mzima, analalamika kwamba wamemfunga kitambaa cha jikoni. Nikamkanda, nikamfunga upya, nikanywa uji. Nilipotoka barabarani kurudi, watu walikuwa wamesimama wanatazama. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, na ule mto ambao mwaka mzima ni mchanga tu ulikuwa umefunika daraja la chini. Magari yamezima upande huu na upande ule. Mtu mmoja aliniambia, bila hata kuulizwa, "Leo ni kulala."

Simu yangu ilikuwa imezima na stima Katangi ilikuwa imepotea tangu jana. Nilirudi sokoni nikamwomba mwenye duka mmoja anikopeshe yake. Kwanza nilimpigia mume wangu, ingawa nilijua. Pale kwao simu zinaachwa getini mpaka zamu iishe. Haikushikwa. Watoto wako shule ya bweni. Nikabaki na mtu mmoja tu nyumbani, na namba yake naijua kwa kichwa.

"Haloo."

"Baba, ni mimi. Mama Kababa."

"Nani?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati ya duka, ikabidi nipaze sauti. "Ni mimi, Baba! Niko Katangi. Mto umejaa, simu yangu imezima. Hii ni ya mwenye duka."

"Endelea," akasema. Nilimjua alivyolisema. Hiyo ndiyo "endelea" anayowaambia wachuuzi wa dawa za mende.

"Naomba unisaidie na laptop. Mtandao umerudi?"

"Aha!"

"Baba, najua nilikuambia usikubali."

"Nani aliniambia?"

"Mimi."

"Akasema nini huyo mtu?"

"Nilisema mtu akipiga, hata akisema ni mimi, ukate."

"Sasa?"

"Sasa usikate. Tafadhali, Baba. Kazi ikichelewa leo wananiachisha. Narudi EPZ."

Hakukata. Nilisikia anapumua. Kisha akaanza kunihoji kama gari lililofika ghalani bila stakabadhi. Mama yako amevunjika? Hapana, ni kifundo kimevimba. Nani alikupigia? Ndugu yangu. Jana tulikula nini?

"Muthokoi," nikasema, yale mahindi yetu ya kukobolewa. "Na ukasema bado ni ngumu."

"Ilikuwa ngumu," akasema, na sauti yake ikashuka. "Ngoja niketi."

Nilisikia kiti kikivutwa. Nikasikia anaweka simu chini na kuiokota tena. Akaniambia mashine imewaka, mtandao umerudi, kuna picha yake na kuna picha yangu. Nikamwambia abonyeze yangu. Mwenye duka alikuwa anapanga pakiti za sukari ambazo zilikuwa zimeshapangika, ananisikiliza, na nilimwona anatabasamu kwa ajili yangu.

"Inataka paswadi," mzee akasema. "Niambie. Polepole, nisikosee."

Hapo ndipo nikaona nilichojifanyia.

Niliwaza kumtajia herufi mojamoja, lakini angekuwa ameshaelewa kabla ya kufika ya nne, na ni nini tofauti? Niliwaza kumwambia amngoje mwanawe, lakini mwanawe hufika usiku. Niliwaza geti. Niliwaza mwanamke mmoja pale ambaye huja na mto wake mdogo wa kukalia, kwa sababu mgongo wake ni mbaya kuliko wangu, na bado anakuja.

"Haloo? Uko?" mzee akasema. "Nimeweka kidole."

Nikageukia ukuta, nikaufunika mdomo na simu kwa kiganja ili mwenye duka asisikie, nikafumba macho, nikalisema. La ubatizo, lake, na la baba yake. Halafu nikasema, "Na mwisho ni nukta." Sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilikuwa nyembamba, ya mtu ambaye simjui.

Mvua tu, kwake na kwangu.

"Umejitahidi," akasema mwishowe. Hakukasirika. Aliongea kwa utulivu kabisa, kama mtu aliyemaliza kuhesabu magunia na kupata jibu. "Umejua mama yake yuko Katangi. Umejua tulikula nini, sijui ni nani amekuambia. Na sauti umeipata, pongezi. Lakini mke wa mwanangu hawezi kulitamka hilo jina. Hata umchome moto."

"Baba, ni mimi! Haki ya Mungu ni mimi!"

"Usiniite Baba, mwizi wewe."

Akakata. Nilipiga tena nikakuta amezima. Nikapiga tena na tena, kama mjinga, mpaka mwenye duka akaichukua simu yake polepole kutoka mkononi mwangu.

"Amekataa?"

"Amekataa."

Alinisogezea kreti la soda nikaketi. Nililia, tena kwa sauti, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, dukani kwa watu. Nilimkasirikia mzee, nikaukasirikia mto, na zaidi nilijikasirikia mimi na akili zangu nyingi. Mwenye duka alidhani nimefiwa. Sikumwambia si hivyo, kwa sababu ningemweleza nini? Jioni ikaingia tukiwa hapo.

Asubuhi maji yalikuwa yameshuka. Nilichaji simu kwa mtu mwenye sola, na ujumbe wa kampuni ulikuwa umeshafika. Ulikuwa wa heshima. Walinishukuru kwa muda wangu, wakasema majaribio yamefungwa, wakanitakia mema. Niliwaandikia habari ya mto na ya mama, wakanijibu kwa maneno yaleyale ya kwanza. Jumatatu iliyofuata nilikuwa getini na wengine, na nikachukuliwa siku hiyohiyo, maana huko mikono yangu bado wanaikumbuka. Mume wangu ndiye peke yake niliyemweleza kila kitu. Alianza kucheka, akaniangalia, akaacha.

Lakini kabla ya Jumatatu kulikuwa na Jumapili hiyo, na kufika nyumbani.

Mzee alikuwa barazani na wazee wenzake wawili wa kanisani, wamevaa makoti yao ya ibada, wananywa chai waliyojipikia wenyewe. Aliponiona akasimama. Hajawahi kunisimamia. Akashuka ngazi akanipokea kiondo mkononi, akauliza mama anaendeleaje, akangoja jibu.

"Nyumba iko salama," akasema. "Jana mwizi amepiga simu."

"Pole, Baba."

"Pole ya nini? Nimemshinda! Nimeizima mashine, nimeificha chumbani kwangu chini ya blanketi." Akawageukia wenzake, ambao bila shaka walikuwa wameshaisikia habari yote, akaianza tena kwa ajili yangu. Aliniigizia sauti yangu. Alifika kwenye muthokoi, akafika kwenye kidole. Alipofika kwenye jina aliruka, asilitaje mbele yangu. "Akasema lile jina," akasema. "Lote. Mpaka la baba yangu."

"Aiya!" mmoja wa wale wazee akasema.

"Na mimi nilikuwa nimeshaamini ni yeye! Kidole kiko hapa." Akakionyesha. "Angeniambia tu, 'Baba, hilo siwezi kulisema,' ningejua kabisa ni huyu. Ningeibeba hiyo kompyuta kichwani mpaka mjini nitafute wa kuifungua. Lakini akalisema, hivi hivi tu. Nikajua si mtu wa kwangu." Akaniwekea mkono begani, kidogo, akautoa. "Huyu nimekaa naye miaka yote hii. Nyinyi mko na mabinti. Mimi niko na huyu."

Wale wazee wakanitazama kwa namna nzuri sana. Miaka yote nilikuwa nimelingoja hilo neno, na sasa limekuja mbele ya mashahidi, na nilitamani ardhi inimeze.

"Asante, Baba," nikasema.

"Na ile kazi yako?" akauliza. Hakuwahi kuniuliza habari ya kazi kwa uzuri. "Ile ya kusikiliza. Ilifika wapi?"

"Imekwisha, Baba."

"Vizuri," akasema, na akanimiminia chai.